Baba Kim na Drafti ya Sumaku

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, pale kona ya kuteremkia Majengo mjini Nyeri. Mwenye ubao hajulikani. Anayejulikana ni Sulemani, muuza kahawa chungu yenye tangawizi, ambaye humtazama vibaya mtu yeyote anayekaa asubuhi nzima bila kununua hata kikombe. Mwisho wa kulia hukaa Mutahi, fundi wa viatu na miavuli, ambaye watu humwita Kingi kwa sababu ya drafti. Anayecheza naye ni Dedan, muuza miche, na jina lake la benchi ni hilo hilo, Miche. Kati yao kuna kreti ya soda iliyopinduliwa, juu yake kibao kilichochorwa mirabamraba kwa rangi iliyobaki ya mlango wa mtu, na kete ni vifuniko vya chupa: vya Mutahi hulala kifudifudi, vya Dedan hulala chali. Wa mwisho ni Ndungu, yaani Breki, aliyeendesha malori mpaka macho yakamwambia basi. Wakikutana hao wanne asubuhi ya Julai, kwenye baridi ile inayoingia mpaka kwenye meno, hakuna swali la dunia litakaloondoka bila jibu. Kama jibu ni la kweli, hilo ni shauri jingine.

Siku hiyo Dedan alichelewa. Mutahi alikuwa amepanga kete za pande zote mbili, akazipangua, akazipanga tena, huku akishona soli na jicho moja liko barabarani. Dedan alipotokea alikuwa amekumbatia mfuko wa karatasi kifuani kama mtu aliyetumwa mayai. Hakuketi mbele ya kibao. Aliketi katikati ya benchi, karibu na Breki, na jambo hilo dogo tu likamkera Mutahi.

— Miche, umekuja kucheza ama umekuja kuatamia? Mutahi akauliza.

— Leo drafti ingoje kidogo. Niko na shida. Nataka mnisaidie kuchagua gemu ya safari. Ile ndogo, ya kubeba.

— Safari ya wapi?

— Mombasa. Na treni.

Sulemani aliacha kumimina kahawa, kikombe cha Breki kikabaki nusu.

Habari yenyewe ilikuwa ya furaha. Wachuka, bintiye Dedan, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume huko Mombasa anakoishi na mumewe, Kim. Beth, mke wa Dedan, alikwishatangulia kwenda kumkanda mzazi na kumpikia uji. Sasa Kim alikuwa ametuma tiketi mbili za treni, moja ya Dedan na nyingine ya babake mwenyewe, Baba Kim, tajiri wa nyanya kutoka Kagio, mwenye malori mawili na kofia ambayo mvua ikinyesha huvalishwa mfuko wa nailoni. Wakwe wawili waende pamoja wakamwone mjukuu wao.

— Sasa hebu fikirieni, Dedan akasema. Mimi na muthoni wangu, uso kwa uso, kutoka Nairobi mpaka Mombasa. Tutaongea nini? Bei ya nyanya itaisha kabla hatujafika Athi River.

— Si umuulize ya vitunguu, Breki akasema.

— Hiyo itanifikisha Emali. Na baada ya Emali?

Wote walielewa. Muthoni ni mkwe, na mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Ukikutana naye unavua kofia, unauliza habari ya mvua na ng'ombe, unakula chini ya njaa yako, unaaga kabla ulimi haujateleza. Hakuna mtu wa Nyeri aliyewahi kukaa na muthoni wake siku nzima bila kuwa na mbuzi wa kuchoma katikati.

— Ndio nikafikiria gemu, Dedan akaendelea. Mtu akiangalia gemu, si lazima aongee. Magdaline wa duka la vitabu amenipea hizi nizionyeshe watu. Moja nitanunua, zingine narudisha.

Akafungua mfuko. Akatoa pakiti ya karata. Akatoa ludo ya kitambaa, inayokunjwa kama leso, na upande wa pili ina nyoka na ngazi. Mwisho, taratibu, akatoa kijisanduku cheusi kinachoenea kiganjani. Alipokifungua kikawa ubao wa drafti, na kete zake ndogo kama vifungo vya shati, nyekundu na nyeupe. Akakipindua juu chini. Hakuna kete iliyoanguka.

— Sumaku, Dedan akasema, kwa sauti ya mtu anayeonyesha picha ya mjukuu.

Wivu una adabu zake, hauingii kwa kishindo. Mwanzoni Mutahi alidhani ni ile kahawa, ameinywa moto. Halafu akatazama vifuniko vyake vya soda, vingine vina kutu, kimoja kilikanyagwa na pikipiki kikanyooshwa kwa nyundo, na akaelewa kinachomchoma. Miaka yote waliyocheza, Dedan hakuwahi kununua hata kete moja. Kifuniko kikipotea, aliinama akaokota kingine mtaroni. Leo kwa ajili ya mtu wa Kagio ambaye hajacheza naye hata mara moja, anazunguka madukani, anapapasa sumaku. Mutahi alimwonea wivu Baba Kim, wivu hasa, wa kumfanya amchukie mtu kwa sababu ya kofia yake.

— Hii ni ya kucheza na Baba Kim? akauliza.

— Na nani mwingine?

— Nauliza tu.

Lakini moyoni alikwishaamua. Dedan angepanda treni hiyo mikono mitupu.

— Mimi kama bingwa, akasema, naona hiyo sumaku ni hatari.

— Hatari gani?

— Breki aseme. Yeye ndiye mtu wa kusafiri.

Breki hakuwahi kupanda treni maishani mwake, lakini pia hakuwahi kukosa la kusema. Akaweka kikombe chini.

— Treni ni nini? Ni chuma. Reli ni nini? Ni chuma. Sasa wewe unaingia hapo katikati na sumaku. Ukiweka hiyo kitu kwa meza ya treni, hutoi tena. Nyinyi mtashuka, drafti iendelee na safari.

— Iendelee wapi? Sulemani akasema. Mbele ya Mombasa ni bahari.

— Basi itarudi Nairobi. Utaitoa wapi?

— Meza zao ni plastiki, Dedan akasema. Kim alinitumia picha.

— Picha! Breki akacheka. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Na vimeundwa na nini? Na chuma.

— Mie chuma cha treni sikiogopi, Sulemani akasema. Naogopa chuma cha damu. Kliniki huwaambia nini kina mama wajawazito? Damu imepungukiwa na madini ya chuma. Sawa. Kama damu ina chuma, na wewe umeshika sumaku njia nzima, damu yote itakusanyika wapi? Kwenye vidole.

— Haiya! Na kichwa kinabaki na nini? Breki akauliza.

— Kinabaki kitupu. Wallahi ndiyo sababu watu wa siku hizi wanacheza gemu kutwa na hawawezi kukujibu salamu.

— Na Baba Kim ako na presha, Mutahi akaingiza haraka.

— Umejua aje ako na presha? Dedan akashangaa.

— Ile shingo. Mtu wa shingo kama ile lazima.

Shingo yenyewe aliiona mara moja tu, siku ya ruracio, Baba Kim alipoleta watu wake kutoa mahari. Siku hiyo Mutahi alikuwa upande wa Dedan, ndiye aliyepanga viti, ndiye aliyekata nyama. Baba Kim alimpa mkono bila kumtazama usoni, akidhani ni mpishi. Mutahi hakumweleza mtu jambo hilo, na hakulisahau.

Dedan alikisukuma kijisanduku kando kidogo. Mutahi akafurahi.

— Basi ludo, Dedan akasema. Hiyo ni kitambaa, haina chuma.

— Ludo ni ya watu wanne, Mutahi akajibu. Nyinyi ni wawili.

— Kila mtu anashika rangi mbili.

— Baba Kim si ni mzee wa kanisa? Mzee wa kanisa ashike rangi mbili?

— Kwanza hiyo ya rangi si kitu, Breki akasema. Kwa ludo mtu akikanyagwa anafanywa nini? Anarudishwa kwao. Sasa utaambia muthoni wako arudi kwao? Na hamjafika hata Voi? Huyo ni baba mkwe ya msichana yako! Ukimfukuza kwa treni, jioni Wachuka ako kwa mlango yako na mtoto mgongoni.

— Pindua kitambaa, cheza nyoka na ngazi, Sulemani akashauri. Hapo hakuna lawama. Anayemeza ni nyoka, si wewe.

Dedan akapindua kitambaa, akaonekana kuridhika. Ilikuwa kweli. Katika mchezo ule hakuna anayemkosea mwenzake, dadu ndiyo inayoamua. Mutahi aliona mchezo umepatikana, akawaza mbio mbio, na wivu ukimsaidia kufikiri.

— Mtoto ni kijana? akauliza.

— Ni kijana.

— Wa kwanza?

— Wa kwanza.

— Jina?

Dedan akamtazama bila kuelewa. Jina halikuwa la kuulizwa. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Yule mtoto alikuwa Baba Kim mwenyewe, amezaliwa upya.

— Kwa hivyo, Mutahi akasema polepole, nyoka ikimeza Baba Kim, imemeza nani?

Breki akashika kichwa.

— Mtoto! Ngai! Imemeza mtoto! Na mnaenda kumwona!

— Ni gemu tu, jamani, Dedan akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

— Hata ajali huwa ni gari tu, Breki akasema. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

— Sasa hiyo inaingia wapi? Sulemani akauliza.

— Mombasa si ni mbali? Akimezwa huko, utamsaidia na fimbo gani?

Dedan akakikunja kitambaa, akakirudisha kwenye mfuko kama anayefunika kidonda. Karata hazikujadiliwa hata kidogo. Breki alizishika, akasema tu, mzee wa kanisa, mbele ya abiria wote, na mfuko ukazimeza. Benchini kikabaki kile kijisanduku cheusi. Sulemani akawajazia wote kahawa, Dedan akalipa, na hapo akafika mama mmoja wa makamo, wa kutoka upande wa Giakanja kwa kusema kwake, jina lake Gathoni. Hakuna aliyemjua. Mwavuli wake ulikuwa umevunjika waya. Mutahi akaupokea, akaulaza magotini, akamwambia aketi dakika moja tu, halafu akausahau pale pale.

— Mimi nawaambia ukweli, Dedan akasema. Drafti ndiyo kitu naijua. Si shida ya sumaku. Ni shida ya mdomo.

Wote walicheka, hata Mutahi, maana hilo lilikuwa kweli tupu. Kwenye benchi lile hakuna kete inayoliwa kimya kimya. Ukila, unatangaza. Mutahi akila hugonga kibao na kusema "Lala nje!" Dedan akila husema, "Enda ukaambie mama yako nimekutuma!" Kisha hufuata kichwa cha mtu, ukoo wake, na namna mbuzi wake wanavyomdharau. Mtu akiwasikia kwa mbali hudhani kuna ugomvi wa shamba.

— Nikikula kete, mdomo unafunguka peke yake, Dedan akasema. Sasa itakuwa aje nikiambia Baba Kim aende akaambie mama yake?

— Hiyo ni faini ya mbuzi, Breki akasema. Ukitukana muthoni ni mbuzi. Wazee watakaa.

— Na mama yake ni marehemu.

— Basi ng'ombe.

— Fanya mazoezi, Sulemani akasema. Ndiyo dawa. Cheza hapa, sasa hivi, kwa adabu. Kingi awe Baba Kim.

Mutahi alitaka kukataa. Lakini Breki alikwishavua kofia yake na kumvalisha, na Dedan alikuwa amehamia mbele yake, mahali pake pa siku zote, na hilo peke yake lilimlainisha. Wakaweka kijisanduku juu ya vifuniko vya soda. Kete zile zilikuwa ndogo mno kwa vidole vya fundi. Akishika moja, anainua mbili.

— Habari ya Kagio, Baba Kim? Dedan akaanza, mikono juu ya magoti.

— Kagio ni kuzuri. Mvua ndio kidogo.

— Nyanya je?

— Nyanya tunashukuru.

— Naomba kusogeza hii.

— Sogeza tu, muthoni.

Breki akaziba mdomo kwa kiganja. Gathoni, aliyekuja kwa ajili ya mwavuli, akasogea ili aone vizuri.

Mutahi akamtegea. Akaisukuma kete mahali wazi kabisa, mtego ambao Dedan huurukia kila siku akipiga kelele, na ambao baadaye humlipua. Dedan akaiona. Mutahi alimwona akiiona, midomo ilimcheza. Lakini hakula. Na sheria ya benchi lile ni moja: asiyekula anapolazimika kula, kete yake huondolewa. Dedan akaichomoa kete yake mwenyewe kwa ncha za vidole, akaiweka mbele ya Mutahi kwa mikono miwili, kama anayemwekea mgeni chai.

— Nimekosea, Baba Kim. Chukua hii.

Baada ya muda ikawa vivyo hivyo tena. Na tena. Kete ya Mutahi ilifika mwisho wa ubao ikawa kingi, akapata kingi nyingine, akawa anatembea ubao mzima bila kizuizi. Hajawahi kushinda namna ile. Na kila alipopokea kete, aliiona haina ladha, chai bila sukari, bila majani pia. Huyu hakuwa Dedan. Dedan wa kweli angekufa kabla ya kumwachia mtu kingi. Basi hiki ndicho atakachopewa Baba Kim! Heshima, na mikono juu ya magoti! Moyo wa Mutahi ukatulia, ukapoa, akaona hata ile kofia inayovalishwa nailoni haina ubaya wowote.

— Umeshinda, Baba Kim, Dedan akasema. Hongera sana.

— Asante, muthoni. Wewe pia umejaribu.

Breki na Sulemani wakapiga makofi. Dedan akaegemea nyuma, akavuta pumzi ndefu.

— Mnajua nini? akasema. Hii ni tamu.

— Tamu aje? Mutahi akacheka. Si umechapwa?

— Nimechapwa na nimepumzika. Hakuna kelele. Hakuna mtu ananiambia kichwa yangu ni kiazi. Kumbe drafti inaweza kuchezwa na amani namna hii? Ndio maana Baba Kim aliniambia kwa simu, rafiki yangu, tukifika huko tutapumzika.

Kicheko cha Mutahi kikakatika.

— Alikuita rafiki?

— Aliniita rafiki.

Mutahi akaivua kofia ya Breki, akaiweka juu ya benchi. Akaushika mwavuli wa Gathoni kwenye mpini.

— Basi enda, akasema. Enda na rafiki yako. Mimi nimecheza na wewe nikiwa na homa. Nimecheza na wewe wiki ile tulizika mama yangu, ukanitukana mpaka nikacheka. Na vifuniko ya soda! Hujawahi niambia, Kingi, wacha ninunue kitu ya maana. Hata kete moja! Mtu ya Kagio bado hujaketi na yeye hata siku moja, tayari ni sumaku. Nyinyi mnafikiria nachukia treni? Treni imenifanya nini? Niko na wivu. Haya, nimesema. Iko hapa.

Akajigonga kifuani kwa mpini wa mwavuli wa watu.

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Wanaume wa benchi lile husema kila kitu kuhusu serikali, kuhusu bei ya maziwa, kuhusu wake za watu wengine, lakini neno kama lile halikuwahi kusikika pale. Sulemani akafuta kikombe kilichokuwa safi. Breki akakohoa.

— Wahenga walisema, mwenye wivu ajinyonge.

— Hao si wahenga, Sulemani akasema. Hiyo huandikwa nyuma ya lori.

— Lori ilikuwa yangu.

Hakuna aliyecheka. Dedan alikuwa amemkodolea Mutahi macho, na uso wake umekuwa wa mtu aliyekanyaga kitu gizani.

— Kingi, akasema kwa upole. Hii ni safari tu, bana. Nikirudi si tutacheza?

— Samahani, wazee, Gathoni akasema kutoka mwisho wa benchi. Mimi ni mtu wa kupita tu. Lakini anarudi lini?

Lilikuwa swali jepesi kabisa, la kuulizwa mtu yeyote anayefunga mzigo. Breki akafungua mdomo, maana mdomo wa Breki hufunguka kwanza, akaufunga. Sulemani akamtazama Dedan. Asubuhi nzima walikuwa wamembeba mtu huyu kituo kwa kituo, Athi River, Emali, Voi, wamempeleka mpaka baharini, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kumrudisha.

— Kim alituma tiketi, Dedan akasema.

— Ya kurudi ni ya lini? Gathoni akauliza.

— Alituma ya kwenda.

Dedan akaangalia mikono yake.

— Beth anasema joto ya huko inamsaidia magoti, akasema tena, kama anayejibu swali la mtu mwingine. Na nyumba ya Kim ni kubwa. Ati kuna chumba yetu. Sijui. Bado hatujaongea hiyo maneno.

Mutahi alikumbuka meza ya miche ya Dedan pale ng'ambo ya barabara. Tangu wiki iliyopita ilikuwa karibu tupu. Miche ya makadamia imekwisha, ya parachichi imekwisha, na mifuko mipya haijajazwa udongo ingawa huu ndio wakati wake, watu watakuja kuitafuta mvua za Oktoba zikianza. Alikuwa amemtania Dedan kwamba ni uvivu. Sasa aliona kwamba hata Dedan mwenyewe huenda alidhani ni uvivu.

Sulemani aliinua birika la kahawa, akalitikisa. Lilikuwa jepesi. Akaanza kufunika jiko.

Mutahi alikifunga kile kijisanduku cheusi, kete zote zikiwa zimeshika mahali pake ndani. Akakitia mkononi mwa Dedan, akamfunga vidole juu yake.

— Beba hii.

— Si ulisema ni hatari?

— Beba. Ni nzuri. Lakini kila mchezo, umwachie ashinde.

— Nani? Baba Kim?

— Kila mchezo. Usimkule hata moja. Na usimtukane. Hata ukizoeana na yeye, hata akikuomba.

— Sasa hapo umeongea kama mzee, Breki akasema, akivaa kofia yake. Hiyo ndio heshima. Muthoni ni muthoni.

— Heshima si utumwa, Sulemani akaongeza, akiwa hajui vizuri anamaanisha nini. Gathoni peke yake alikuwa akimtazama Mutahi usoni.

— Apa, Mutahi akasema.

— Kwani ni kitu ya kuapa, Kingi?

— Apa, Miche.

Dedan akaapa. Aliapa kwamba hatamtukana Baba Kim maisha yake yote, na Mutahi akamwamini, akainamia mwavuli wa mama wa watu, akaanza kutafuta waya uliovunjika ili mtu asimwone macho.